Gari linachemsha: jua kwanza linachemsha wakati gani

Gari likianza kuchemsha, kila aliye karibu ana jibu lake. Mmoja atasema ni thamostati (mlango mdogo unaofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta), mwingine atasema rejeta (kipoza maji cha mbele ya gari) imeziba, wa tatu atatikisa kichwa na kukutangazia kwamba gasketi ya hedi (kizibio kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua. Yeyote kati yao anaweza kuwa amepatia, na hapo ndipo pesa zinapopotelea, kwa sababu unanunua vifaa kwa kura. Mimi niliwahi kubadilisha thamostati, nikabadilisha na rejeta, ndipo nikagundua kwamba feni ilikuwa inazunguka kinyume. Aliyefunga mota yake alikuwa amegeuza nyaya mbili. Feni ilinguruma vizuri kabisa, kila niliyemwonyesha alisema "feni iko sawa", kumbe ilikuwa inasukuma upepo kwenda mbele badala ya kuuvuta upite kwenye rejeta. Dalili zilikuwa zimeniambia tangu siku ya kwanza: kwenye foleni geji ya joto inapanda, nikipata barabara ya kukimbia inashuka. Sikuzisikiliza.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na swali la wakati, halafu ndiyo spana.

Likichemka ukiwa njiani

Ukiona sindano ya geji ya joto inapita mahali ilipozoea kukaa, zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita kwenye joto la mwisho na feni ya ndani kwa kasi yote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na inaondoa joto la injini kweli. Huku ukifanya hayo, tafuta mahali salama pa kusimama. Sindano isiposhuka katika dakika moja hivi, au ukiona mvuke, au taa nyekundu ya joto ikiwaka, zima injini. Usijiambie "nimebakiza kidogo nifike". Hedi za aluminiamu hupinda kwa mwendo mfupi wa namna hiyohiyo.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa kwa presha. Ukilegeza mfuniko presha inatoka, yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi, kisha bana hozi ya juu ya rejeta ukiwa umeshika kitambaa kizito. Ikiwa ngumu, bado. Ikibonyea kirahisi, weka kitambaa juu ya mfuniko, zungusha taratibu hadi hatua ya kwanza, acha kinachofoka kitoke, ndipo uutoe. Weka mikono mbali na feni muda wote huo. Feni ya umeme inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa.

Na usimwagie injini ya moto maji baridi, si nje wala ndani. Chuma kilichotanuka kikipozwa ghafla upande mmoja hupasuka.

Kuna jambo moja linalowadanganya watu: sindano imepanda hadi juu, halafu ghafla inaanguka hadi chini kabisa. Dereva anashukuru. Kumbe maji yameisha na sensa imebaki hewani, haina cha kupima. Hapo zima injini mara moja.

Geji zenyewe si za kuaminika sana. Kwenye magari mengi ya kisasa sindano imetegeshwa ikae katikati hata joto likitembea kutoka nyuzi 80 hadi zaidi ya 100, ili dereva asiwe na wasiwasi. Ikianza kusogea, jambo limekwisha kuwa kubwa. Kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kile kinachochomekwa chini ya dashibodi, kitakuonyesha namba halisi. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 105. Kodi (namba ya hitilafu) P0217 maana yake kompyuta yenyewe imeona injini imepita joto lake. P0117 na P0118 zinalalamikia sensa ya joto au waya zake, na inawezekana injini yako haichemki kabisa.

Linachemsha lini?

Chukua siku moja au mbili uangalie, mradi gari bado linaweza kutembea bila kufika kwenye nyekundu.

Linachemsha likiwa limesimama au kwenye foleni, likikimbia linapoa: tatizo ni upepo. Ukienda mbio, mwendo wenyewe unaleta hewa kwenye rejeta na feni haihitajiki. Anza na feni, relei (swichi ya umeme inayoiwasha), fyuzi na sensa yake.

Linachemsha ukikimbia au ukipanda mlima, kwenye foleni limetulia: maji hayazunguki ya kutosha, au rejeta haitoi joto la kutosha. Fikiria rejeta iliyoziba ndani, pampu iliyochoka, thamostati inayofunguka nusu, au hozi ya chini inayonywea. Hii ya mwisho wengi hawaijui. Hozi ya chini iko upande ambao pampu inafyonza. Mpira wake ukilegea, injini ikizunguka kwa kasi hozi inabanana kama mrija wa soda unaovutwa kwa nguvu. Ukisimama na kufungua boneti, imerudi kuwa nzima. Mwambie mtu akanyage mafuta gari likiwa limesimama na lina joto, wewe uiangalie.

Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi: thamostati imekwama ikiwa imefunga, kuna hewa ndani ya mfumo, au gesi ya mwako inaingia kwenye maji kupitia gasketi.

Linachemsha wakati wowote, bila mpangilio: angalia kiwango cha maji kabla ya kufikiria kingine.

Kipimo kingine cha bure ni hita. Injini ikiwa ya moto sana na hita inatoa hewa baridi, maji ya moto hayafiki huko. Ama yamepungua, ama kuna hewa imekaa njiani, ama pampu haisukumi.

1. Maji na mahali yanapokwenda

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta wenyewe, usiishie kuangalia tangi la akiba. Tangi linaweza kuwa limejaa na rejeta iko tupu, ikiwa mfuniko au mpira unaoviunganisha umeharibika. Maji yawe yamefika shingoni.

Yakiwa yamepungua, yameenda mahali. Tafuta madoa meupe, ya kijani au ya pinki yaliyokauka kwenye maungio ya hozi, kingo za rejeta pale plastiki inapokutana na aluminiamu, na chini ya pampu. Gusa zulia la upande wa abiria wa mbele. Likiwa na unyevu wenye harufu tamutamu na kioo kinapata ukungu wa mafuta, rejeta ya hita inavuja. Ukikosa kuona chochote, azima au kodi pampu ya kupima presha: inafungwa mahali pa mfuniko, unasukuma hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, unasubiri dakika 10 hadi 15. Sindano ikishuka, kuna tundu. Sasa una muda wa kulitafuta bila joto wala mvuke. Presha ikishuka na hakuna tone popote nje, maji yanaingia ndani ya injini. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya gasketi.

2. Mfuniko

Kifaa rahisi kuliko vyote kwenye mfumo, na kinachodharauliwa kuliko vyote. Watu huuchukulia kama kizibo cha chupa. Mfuniko wenye namba 1.1 unashikilia presha ya takribani bar 1.1, na kwa presha hiyo maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Springi yake ikilegea au mpira wake ukipasuka, maji yanachemka kwenye nyuzi 100 zilezile za sufuria jikoni, na ukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,500 yanachemka kwenye 95 hivi. Injini haijabadilika hata kidogo, lakini gari linachemsha.

Angalia mpira wa chini na kile kivalvu kidogo cha katikati. Kivute kwa kucha, kinapaswa kufunguka na kurudi. Hozi ya juu inayonywea gari likipoa usiku ni dalili kwamba kivalvu hicho hakirudishi maji kutoka kwenye tangi. Ukibadilisha, nunua wenye namba ileile. Mfuniko wa presha kubwa zaidi hautaponya chochote, utatafuta hozi dhaifu uipasue.

3. Feni

Washa injini, washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi feni za umeme huanza papo hapo au baada ya muda mfupi. Zisipoanza, kagua fyuzi, halafu badilishana relei ya feni na nyingine inayofanana nayo kwenye kisanduku hichohicho. Bado? Chomoa soketi ya feni na uipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya nzito. Ikizunguka, mota ni nzima na kosa liko kwenye sensa, waya au kompyuta. Isipozunguka, au ikihitaji kusukumwa kwa kijiti ndipo ianze, mota imekwisha.

Ikizunguka, usiniige mimi. Shika karatasi mbele ya gari, upande wa grili. Inapaswa kuvutwa na kunata. Ikipeperushwa kukujia, feni inageuza upepo.

Kwenye magari ambayo feni inaendeshwa na injini kupitia klachi ya mafuta mazito, zima injini kwanza, kisha izungushe kwa mkono. Inapaswa kuleta ukinzani kidogo. Ikizunguka huru mara kadhaa kama pangaboi, au ukiona mafuta meusi yametapakaa katikati yake, klachi imekufa.

Na lile boksi la plastiki linalozunguka feni lisiachwe pembeni baada ya matengenezo eti "ni urembo". Bila hilo feni inavuta hewa kutoka pembeni, na sehemu kubwa ya rejeta haipati kitu.

4. Thamostati

Kabla ya kuifungua, fanya kipimo cha mkono. Washa injini iliyo baridi na uguse hozi ya juu mara kwa mara. Itakaa baridi au vuguvugu kwa dakika kadhaa, kisha ghafla itakuwa ya moto: thamostati imefunguka. Kama geji inaelekea juu na hozi bado ni baridi, haijafunguka. Kwenye injini nyingine thamostati iko upande wa hozi ya chini, kwa hiyo kwanza ujue yako iko wapi.

Ukiitoa, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Joto la kufungukia limechongwa kwenye chuma chake, mara nyingi kati ya 76 na 95. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba hiyo na kuwa wazi kabisa joto likiongezeka nyuzi kumi na kitu. Ukirudisha, kile kitundu chenye kipini kidogo kikae juu, ndicho kinachopitisha hewa.

Sasa, kuhusu ile tabia ya kuing'oa na kuitupa: fundi anakuambia gari sasa litapoa. Kwa siku chache linaweza kupoa, na wakati huo injini inakula mafuta zaidi na kuchakaa kwa sababu haifiki joto lake, na huenda ukaanza kuona kodi P0128, yaani kompyuta inalalamika kwamba injini haipati joto la kutosha. Lakini kuna jambo baya zaidi. Thamostati nyingi zina sahani ya pili nyuma, ambayo kazi yake ni kuziba njia ya mkato ambayo maji hupita bila kwenda kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi daima, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini tu, na gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo.

5. Rejeta

Ina namna mbili za kuziba. Nje: vumbi, wadudu, majani na manyoya hujikusanya kati ya kondensa ya kiyoyozi (kipoza gesi kilicho mbele ya rejeta) na rejeta, mahali ambapo ukisimama mbele huoni kitu. Mulika tochi kutoka nyuma. Osha kwa maji ya presha ndogo ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari italaza mapezi na utakuwa umeziba zaidi.

Ndani: kutu na ukoko wa chumvi kutoka kwenye maji ya bomba. Gari likiwa na joto la kazi, zima injini, pitisha kipimajoto cha mionzi au kiganja kwa uangalifu juu ya uso wa rejeta. Joto linapaswa kupungua kwa utaratibu kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotokea. Ukikuta kipande cha baridi katikati ya joto, mirija ya hapo haipitishi. Kuisuuza kwa dawa husaidia ikiwa uchafu ni mwepesi. Ukoko uliokomaa hautoki, na rejeta mpya ni nafuu kuliko hedi.

Zile dawa za kuziba matundu zinazomiminwa ndani mimi sizitumii. Zinaziba, ni kweli, ila hazichagui: mirija myembamba ya hita nayo inaziba.

6. Pampu ya maji

Chini ya ekseli yake kuna kitundu. Kikidondosha maji au kikiwa na mchirizi wa madoa, sili imekwisha. Shika puli yake utikise, isicheze. Hakikisha mkanda haujalegea wala kulowa oili. Pampu inaweza pia kuharibika bila kuvuja: makasia yake yanaliwa na kutu, au yale ya plastiki yanapasuka au kulegea kwenye ekseli, puli inazunguka na maji hayaendi. Kwenye injini ambazo pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, badilisha vyote kwa pamoja, maana kazi ya kufika hapo ni ileile.

7. Gasketi ya hedi

Hii ndiyo watu huirukia kwanza, nami nimeiweka mwisho makusudi. Mara nyingi gasketi ndiyo inayoumizwa na kuchemka kulikoanzishwa na kitu kingine. Ukibadilisha gasketi na kuiacha feni mbovu, utarudi palepale.

Dalili zake: maji yanapungua na hakuna uvujaji, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu unaendelea hata injini ikishapata moto, injini inakosa silinda moja asubuhi kisha inatulia, oili imekuwa kama maziwa ya chai. Ute mdogo wa rangi hiyo chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe, gari la safari fupifupi hupata hivyo kwa unyevu tu. Chomoa kijiti cha oili ndipo uhukumu.

Ukiwasha injini baridi kabisa na ndani ya dakika moja hozi ya juu imekuwa ngumu, presha hiyo haijatokana na joto. Imetoka kwenye silinda. Uthibitisho mzuri ni kipimo cha kemikali: kimiminika cha bluu kinachovutia hewa ya shingo ya rejeta, kikigeuka njano kuna gesi ya mwako. Fungua plagi pia. Ile iliyo safi kupita wenzake imekuwa ikioshwa na mvuke.

Kazi hii si ya kujifunzia. Ukimpa fundi, dai mambo mawili. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na ikiwa imepinda kupita kiwango cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi ni sehemu ndogo sana ya milimita kama 0.05, ipelekwe mashine ikasawazishwe. Na boliti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio wa kitabu. Zile za kukazwa hadi zivutike hazirudiwi.

Yakishindikana yote hayo, angalia nje ya mfumo wa maji: breki inayobana, katalaiza (kichujio cha moshi kwenye bomba) iliyoziba, taimingi ya cheche iliyochelewa, oili iliyopungua. Vyote huongeza joto na rejeta ndiyo inayolaumiwa.

8. Kujaza na kutoa hewa

Tumia kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji) ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke. Rangi haikuambii aina; kuchanganya zisizopatana kunaweza kutengeneza ute mzito unaoziba mirija. Kumimina kulanti tupu ukidhani ni bora ni kosa, kwa sababu maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Kulanti nyingi ni sumu na ina utamu, kwa hiyo uliyoikinga kwenye beseni isiachwe palipo na watoto au wanyama.

Pandisha pua ya gari juu ya mwinuko ili shingo ya rejeta iwe mahali pa juu. Weka hita kwenye joto la mwisho. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ifungue. Jaza taratibu hadi kitoke kimiminika bila povu, funga skrubu, washa injini mfuniko ukiwa wazi. Bana-bana hozi kwa mkono, ongeza kadiri kiwango kinavyoshuka. Thamostati ikifunguka kiwango kitaanguka ghafla, ongeza tena. Kanyaga hadi mizunguko 2,000 kwa muda, acha, rudia, mpaka viputo viishe na hita itoe joto la kweli. Funga mfuniko na usubiri feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko tena. Kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo kwa hewa iliyobaki, jaza. Kikishuka tena asubuhi ya tatu na ya nne, rudi hatua ya kwanza na ile pampu ya presha.